Mgeni wa Saa Nane Mchana

3 Februari

Kwa mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wagonjwa wako. Hujambo? Unakula, au unakunywa chai tu ukisimama? Sisi huku wote wazima, wasiwasi ni juu yako.

Najua utasema, mama, juzi tumeongea kwenye simu na ukasema mambo yote mazuri. Ndiyo, nilisema. Lakini nyumba hii unaijua, ukipiga chafya jikoni bibi yako anakuombea afya akiwa chumbani. Nikishika simu ananisikiliza. Halafu mimi na simu nakuwa kama kasuku, sisi wazima, sisi wazima, mpaka inakatika. Kwenye karatasi angalau napata kufikiri, hata kama mwandiko wangu wa darasa la nne unapanda mlima.

Bibi yako amerudi kutoka hospitali siku ya kumi baada ya kubadilishiwa nyonga. Ile aliyoivunja alipoteleza bafuni wameitoa, wakamwekea ya chuma. Paja la kulia limeshonwa vizuri, mimi fundi cherehani nimeukagua mshono kama fundi mwenzao, sindano zimepishana sawasawa, sina la kusema. Wamenipa na karatasi yenye michoro. Asikunje mguu goti likapita kiuno. Asipishanishe miguu. Asikae chini. Akilala awekewe mto kati ya magoti. Michoro naielewa. Upande wa nyuma kuna maneno madogo kama mayai ya chawa, hayo nimeyaacha.

Sasa ninalotaka kukuambia. Siku ya tatu tangu arudi, saa nane mchana, jua kali, mtaa mzima kimya, nilikuwa napangusa dirisha la chumba chake. Akaniita.

"Mkwe, mpe mgeni kiti."

Nikageuka. Chumba kitupu. "Mgeni gani, mama?"

"Huyo mlangoni. Mwenye mguu."

"Mguu upi?"

"Huu walioniwekea. Wewe ulidhani wameuokota wapi? Una mwenyewe. Amekuja kuulizia mali yake."

Nikamuuliza, anafananaje huyo mwenye mguu, maana nilitaka kuona kama anatania. Akasema bila kufikiri, kama mtu anayesoma kitu ukutani: mwanamke wa makamo, kajifunga kitambaa kichwani, hainui uso. Amevaa kandambili moja tu, ya kulia. Wa kushoto mtupu, anauburuta. Kisha akacheka yeye mwenyewe. "Mwongo huyu! Anadai mguu wa kulia, anachechemea wa kushoto."

Mwanangu, nywele zilinisimama. Mtu akiogopa usiku anasubiri kuche. Akiogopa mchana atasubiri nini?

Tangu siku ile anakuja kila siku saa hiyohiyo. Wewe unafanya kazi kwenye wodi ya nyonga hizohizo, niambie kweli, usinifiche. Je, huwa wanaweka kitu kilichokuwa cha mtu? Baba yako alipokuwa anaondoka duniani alinishika mkono akasema, mama yangu asiharibikie mikononi mwako. Nikamwambia, hataharibika. Ni neno moja tu aliloniachia. Nisaidie nisilivunje.

Wako akupendaye,
Mama


11 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mfikishie na Bibi shikamoo yake. Mimi sijambo, chakula nakula, na chai nakunywa nimekaa. Barua yako imefika jana.

Kwanza ondoa hofu. Nyonga hizo hutoka kiwandani kwenye boksi lililofungwa. Hakuna aliyewahi kuivaa. Haina mwenyewe ila Bibi.

Pili, wazee wengi wakishapasuliwa akili huyumba, siku kadhaa au wiki kadhaa. Si wazimu na si uchawi. Hapa wodini kuna mzee anayeniagiza kila asubuhi nifunge mbuzi vizuri chini ya kitanda chake, na mimi nainama nafunga. Kinacholeta hali hiyo mara nyingi ni kitu kidogo: hanywi maji ya kutosha, hajapata choo, maumivu anayoyanyamazia, miwani hana usoni. Mpe maji kila saa hata akikataa. Dawa ya maumivu mpe kwa saa, usingoje aombe, hataomba. Fungua pazia mchana. Mwekee saa ya ukutani aione. Usibishane naye juu ya mgeni, lakini usimwambie unamwona pia.

Kiti chake kiwe kirefu, na mto mgumu. Kigoda hapana kabisa. Na usimwinue peke yako, mama, nakusihi. Yale maneno ya nyuma ya karatasi mpe jirani akusomee leo hii.

Ruhusa yangu ya kusafiri ni Juni, nimeomba mapema wamekataa.

Neno la mwisho. Mstari wa kwanza umeandika "sisi huku wote wazima", halafu kurasa mbili za hofu. Siku nyingine anza na hofu.

Mwanao


19 Februari

Mwanangu,

Salamu zangu pokea. Shikamoo yako imefika na bibi yako ameijibu. Sisi wazima. Umesema nianze na hofu, lakini barua isiyo na uzima mwanzoni naona kama nyumba isiyo na mlango, sijui niingilie wapi.

Barua yako ilifika tarehe kumi na saba. Kosa lilikuwa limeshatokea tarehe kumi na mbili. Halikuwa lako, lilikuwa la adabu.

Ilikuwa saa nane. Mimi niko sebuleni kwenye cherehani, nakunja pindo za suruali za mwalimu. Nikamsikia bibi yako anasema kwa sauti yake ya wageni: "Karibu, karibu ndani, samahani umenikuta nimelala." Mwanangu, unaijua nyumba hii. Mgeni hapokelewi na mtu aliyelala. Hata mwaka ule alipokuwa na homa ya kutetemeka, mtu akigonga aliinuka, akafunga kitambaa kichwani, akakaa wima, ndipo akasema karibu. Niliposikia hivyo nikaacha suruali na sindano yake, nikakimbia.

Nikachelewa. Alikuwa ameshasimama, ameshika ukingo wa kitanda. Kiti kirefu amemwachia mgeni, na yeye mwenyewe anashuka kukaa kwenye kigoda changu cha kufulia. Anashuka polepole, kwa heshima, huku anatabasamu kwenye kiti kitupu. Nikasikia mlio. Nikamdaka tukaanguka wote, mimi chini yeye juu. Afadhali alinikuta mimi kuliko saruji, nyama ninayo.

Mguu wake ulikuwa umegeukia ndani kama wa mwanasesere. Nikavua futi yangu shingoni nikapima, kiuno mpaka kifundo, kama ninavyopima watu. Kulia umepungua vidole viwili. Hapo nikajua chuma kimetoka mahali pake. Alikuwa mweupe midomoni, jasho linamtiririka, nikamuuliza, unaumia mama? Akasema, "Mimi sina neno. Muombe radhi mgeni kwa fujo hizi."

Hospitali walimlaza usingizi kwa dawa, wakauvuta mguu, ukarudi. Daktari akaniuliza mbele ya watu, "Nani alimruhusu akae kwenye kigoda?" Nikasema, mgeni. Akaniangalia, akaandika kitu.

Barua yako ilipofika nikafanya yote. Miwani nimeikuta bado imo ndani ya mfuko wa hospitali, siku zote hizo! Maji anakunywa kwa kunitukana, lakini anakunywa. Saa ya ukutani ipo. Jirani yetu fundi viatu amenisomea nyuma ya karatasi, na sasa najua cha kuangalia kwenye kidonda.

Na mgeni nimempangia mambo yake. Saa nane kasorobo naingia mimi kwanza. Kiti kirefu nimekiweka mkabala na kitanda, mto mgumu juu yake. Nasimama mlangoni nasema: "Karibu mgeni, kaa hapa. Mwenyeji wako amekatazwa kuinuka, ni amri ya daktari, usimhesabie." Bibi yako anashusha pumzi, anajilaza, mto kati ya magoti, hainuki tena. Siku tatu sasa. Wewe umesema nisiseme namwona. Sijasema. Nimesema karibu tu. Karibu si uongo, au siyo?

Ila kuna kitu. Bibi yako akisema "amekaa", mto wa kiti unalia kidogo. Fyuu, kama pumzi. Ni sifongo, ikipata joto inafura. Najiambia hivyo.

Mimi mzima. Kiuno tu kidogo, ni uzito wa bibi yako. Miaka thelathini na mbili watu wanasema mama mkwe ananikalia, juzi ndiyo kanikalia kweli.

Mama yako


27 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili mapumzikoni, mara ya kwanza nikalia, mara ya pili nikacheka hapo kwenye kumkalia, na mwenzangu akaniuliza kama niko sawa.

Karibu si uongo. Nimefanya kazi hii miaka tisa na hakuna kati yetu aliyewahi kufikiria kumpokea mgeni ili mgonjwa asiinuke. Endelea hivyohivyo.

Sasa nikufundishe jambo moja. Bibi hatasema panauma. Mimi nilimwona aking'olewa jino akaenda moja kwa moja jikoni. Ukimuuliza yeye utapata "sina neno" mpaka kaburini. Kwa hiyo usimuulize yeye. Muulize mgeni anasemaje.

Angalia kidonda kila asubuhi, na shavu la mguu, lisivimbe upande mmoja. Visigino visilale kwenye godoro, viinue kidogo.

Na nijibu hili, mama. Mlianguka wote wawili. Yeye alipigwa picha ya mifupa. Wewe ulipigwa?

Mwanao


10 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu. Sisi wazima kwa sasa, nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, karatasi nimeiweka juu ya mkoba, usishangae mistari.

Nilifanya ulivyosema. Kila siku mgeni akishakaa namuuliza bibi yako, "Mama, mgeni anasemaje leo?" Siku ya kwanza: hasemi, anatazama sakafu. Ya pili: hasemi. Ya tatu: "Anashika paja lake." Siku ya nne nikakuta bibi yako amekunja uso.

"Leo analalamika. Hana adabu. Mgeni gani anakaa kwa mtu analalamika?"

"Analalamika nini?"

"Eti mguu wake nimeuweka karibu na jiko. Eti unaungua. Eti unapwita kama una moyo wake ndani."

"Na wewe, mama? Unaungua?"

"Mimi sina neno."

Mwanangu, muuguzi wa kuosha kidonda alikuwa amekuja juzi yake, akamuuliza, akajibiwa sijambo, akafunga akaondoka. Asubuhi hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimetazama, nikaona wekundu kidogo, nikasema ni bandeji inabana. Sasa nikaifungua yote. Chini, kwenye sindano mbili za mwisho, ngozi imetuna, inang'aa, na moto wake niliusikia kabla ya kuigusa, kama unavyousikia moto wa pasi. Nikabonyeza kando, maji machafu yakatoka. Sikungoja dawa wala simu. Fundi viatu akaleta gari.

Wamemfungua tena, wakaosha mpaka kwenye chuma, na sasa ana dripu ya dawa asubuhi na jioni. Daktari ni yuleyule wa kigoda. Akaniuliza nilijuaje, maana mgonjwa mwenyewe anasema hana maumivu. Nikaona nikitaja mgeni ataandika tena, nikasema, niliona tu. Akasema, "Siku mbili zaidi, mama, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilizoea kuyasema nikimwagia mtu chai. Sikujua yana meno.

Watamweka wiki nne au zaidi. Nakuja kwake asubuhi, narudi jioni, ni ngazi tu zinazonichosha, ziko nyingi. Cherehani nimeifunika kwanza. Umeuliza kama nilipigwa picha. Mwanangu, foleni ile ni ya wagonjwa. Mimi mzima.

Mama yako


14 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Asante kwa kupiga simu Jumapili zote hizi. Najua ulisikia sauti yangu ndogo, ni mtandao.

Habari njema kwanza. Bibi yako amerudi nyumbani, kidonda kimekauka, homa hakuna, akili imerudi yote, na ulimi nao umerudi. Anatembea na fremu ya chuma mpaka mlango wa mbele na kurudi, kwa miguu yake. Nilipomuuliza kama mgeni ataendelea kuja, akaniangalia juu ya miwani: "Mgeni gani? Wewe ndiye umeanza kuzeeka." Hakumbuki hata kidogo. Nikafurahi. Kiti kirefu nikakisogeza ukutani.

Cherehani bado nimeifunika. Mguu wa kukanyagia umekuwa mzito, ni umri.

Sasa hofu, niiandike kabla sijaghairi. Mwanangu, yule mgeni hajaondoka. Amehama. Amehamia kwangu.

Simwoni. Namsikia. Ilianza wiki ile bibi yako aliporudi. Saa nane, amelala usingizi wake wa mchana, mimi napita koridoni na bakuli la maji. Nikasikia nyuma yangu: pa. Halafu shaaa. Pa. Shaaa. Kandambili moja na mguu unaoburuzwa, vilevile alivyosema bibi yako siku ya kwanza. Nikasimama. Akasimama. Nikageuka, koridoni hakuna kitu, mlango uko wazi, jua limelala sakafuni. Nikaenda tena, naye akaja. Mpaka jikoni. Nikaweka bakuli chini, kimya. Nikaenda sebuleni, pa, shaaa, pa, shaaa, karibu kabisa, kama amevaa nguo yangu.

Nilijiambia ni masikio. Lakini jana napita koridoni, nikasikia bibi yako anaita, mwenye akili timamu, miwani usoni, anachagua mchele wake kitandani:

"Mkwe! Nani huyo anaburuta mguu?"

Nilikuwa peke yangu mwanangu. Nikasema, hakuna mtu, mama.

"Yupo. Mwambie avae vizuri au avue zote mbili, atanivunjia usingizi."

Anataka nini kwangu? Mimi sijawekewa chuma. Sina kitu cha mtu. Sitoki tena koridoni ila kwa lazima, na nikipita najishika ukuta, macho mbele. Niambie la kufanya. Ulijua habari ya maji na miwani, na hili utalijua.

Mama yako


21 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimempa mtu anayesafiri leo, ikufikie haraka. Usiisome umesimama. Kaa kwenye kile kiti kirefu, si pengine. Umekaa?

Nimezipanga barua zako zote kitandani kwangu. Ya tarehe tatu Februari inasema Bibi alimwona mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, hainui uso. Kandambili ya kulia anayo, mguu wa kushoto anauburuta. Tarehe kumi na mbili ulimdaka Bibi mkaanguka, wewe chini. Tangu hapo ni kiuno kidogo, ni ngazi, ni mtandao, ni umri. Cherehani imefunikwa. Unapita umejishika ukuta.

Ukisimama anasimama. Ukienda anakuja.

Mama, angalia miguu yako.

Wodini nina jibu la karibu kila kitu. Maji, miwani, usaha, dawa. Lakini Bibi alimwona huyo mwanamke zaidi ya siku tisa kabla hujaanguka, na kwa hilo sina jibu, nimelitafuta nimelikosa. Nililicheka tu, kwamba anadai wa kulia anachechemea wa kushoto. Ningepaswa kukuuliza siku ileile.

Nimepiga simu mara tatu wiki hii. Mara tatu umeniambia sisi wazima. Sasa usiniandikie hali yako tena, hujui kuiandika. Weka kiti. Saa nane mkaribishe. Muulize anasemaje, uandike kama anavyosema, neno kwa neno, usimsahihishe.

Mwanao


29 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Hapa ndipo ningeandika ile ya siku zote. Nimepaacha.

Nimeangalia miguu. Kandambili ya kushoto haipo. Niliitafuta nikaikuta chini ya cherehani, ina vumbi, na buibui ameshafunga uzi kwenye mkanda wake. Sijui tangu lini. Ilikuwa inanitoka mguuni kila hatua nikaiacha, nikasahau kwamba nimeiacha. Na kitambaa kichwani, mwanangu, huwa sikivui siku hizi, kuchana nywele nimesimama siwezi. Na uso siinui, natazama sakafu nisijikwae.

Leo saa nane kasorobo nimefanya ulivyosema. Kiti nimekiweka mkabala na kitanda. Mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda, kiti nimemwachia yeye. Bibi yako akauliza kulikoni, nikamsomea barua yako yote, herufi kwa herufi. Hakucheka. Akafunga kitambaa chake vizuri, akakaa wima, akakiambia kile kiti, "Karibu." Kisha akanigeukia mimi, kama nilivyokuwa namfanyia yeye.

"Haya mkwe. Mgeni anasemaje?"

Naandika kama alivyosema.

Anasema siku ile ya kigoda milio ilikuwa miwili. Mmoja wa bibi. Wa pili wake. Aliusikia, akanyamaza, kwa kuwa bibi alikuwa anageuka mweupe na hakukuwa na nafasi ya watu wawili kuumwa.

Anasema hajalalia ubavu wa kushoto tangu Februari. Maumivu yako kwenye kinena, kama mtu ameingiza mkasi akauacha. Anasema ngazi za hospitali alizipanda kwa makalio siku nyingine, asubuhi mapema, watu hawajajaa. Anasema akimwinua bibi humwinua amekanyaga mguu mmoja tu.

Anasema amejipima kwa futi yake, kiuno mpaka kifundo, mara tatu, kwa kuwa mara ya kwanza hakuamini. Kushoto umepungua upana wa kidole.

Anasema anaogopa kisu. Anaogopa kulazwa akaanza kuona watu, na hakuna wa kuwawekea viti. Anasema akilazwa yeye, nani atatimiza neno aliloachiwa. Anasema amechoka. Hilo la kuchoka amelisema mara mbili.

Nilipofika hapo machozi yamelowesha karatasi, utaona wino umetawanyika. Bibi yako anaangalia kiti, si mimi. Kisha akasema:

"Mwambie mgeni nilimfunza vibaya. Wiki aliyoolewa mafuta yalimrukia mkononi akalia, nikamwambia katika nyumba hii hatulii. Alikuwa mtoto. Mwambie alie tu."

Miaka thelathini na mbili, mwanangu. Kovu ninalo hapa, nilidhani alishalisahau.

Kisha akanyoosha mkono akagusa ubavu wangu wa kushoto, palepale, bila kuuliza ni wapi. "Haya," akasema, "ameinuka. Keti wewe sasa, kiti ni chako." Nikakaa. Mwanangu, jua la saa nane halifiki upande ule wa chumba, wewe unakijua. Mto ulikuwa wa moto. Kama umeinukiwa sasa hivi.

Amenikataza kukanyaga. Yeye ndiye anaenda jikoni na fremu yake kuniletea maji, kikombe kakining'iniza kwenye mfuko wa fremu, kikifika kimebaki nusu na sakafu nzima imelowa, na ole wako useme kitu. Fundi viatu nimemwambia ukweli, gari litakuwepo mkisema. Koridoni kimya tangu mchana.

Mama yako,
na aliyekuwa amekaa hapa


5 Mei, ujumbe wa simu

Mama shikamoo. Barua nimeipata asubuhi kutoka kwa yuleyule msafiri. Sikungoja Juni, nimewaambia mama yangu amevunjika nyonga na ametembea nayo miezi mitatu, wakasaini. Niko njiani. Gari la fundi viatu liwe mlangoni kesho, tunakwenda moja kwa moja kupiga picha, nitakaa nawe kabla ya kisu na baada yake, na ukiona mtu yeyote nitamwekea kiti mimi. Bibi atabaki na mke wa fundi, nimeshaongea nao.

Nitafika saa nane mchana. Utasikia hatua koridoni. Mama, ni mimi, na nimevaa viatu vyote viwili.

Usiinuke.